Supu ya Nyuzi

Ijumaa, saa nane mchana, Kariobangi Kusini,
nimeinjika sufuria ya ugali
na ndani yake hamna unga.
Nyuzi nne za besi zimejikunja majini
kama nyoka waliokubali yaishe.
Seti mpya pale Luthuli ni elfu nne na mia tano.
Siki ni shilingi sitini.
Chagua mwenyewe.

Nanjala anachungulia, haulizi.
Maji yanageuka kijivu, kisha meusi:
hilo ni jasho la Februari, harusi ya Ruai,
hiyo ni bia aliyonimwagia bawabu wa Githurai,
na ule ukoko unaong'ang'ania uzi mnene
ni mimi, ngozi ya vidole vyangu,
miezi kumi na mmoja sijajibadilisha.

Nikishazifuta, nikazianika kwenye kamba
kati ya soksi na sare ya mtoto,
zitalia upya siku tatu,
nne zikinihurumia.

Vijana wanataka besi ikatike kama kioo.
Mimi nachomeka kipande cha godoro chini ya nyuzi,
karibu na daraja,
sauti inatoka fupi, nene,
kama mtu aliyesema neno moja akafunga mlango.
Rumba haidai zaidi.

Amplifaya ina kilo thelathini na nane
na mpini mmoja.
Spika ilipasuka mwaka juzi. Mbithi akaishona
kwa gundi na pindo la leso,
akaniapia, "Hii itakuzika."
Waya wa ardhini aliusahau.
Basi mdomo wangu ukigusa maikrofoni
stima inanibusu,
ndiyo maana siitikii kiitikio
na watu husema nina haya.

Ngara, ghorofa ya tatu, lifti imekufa.
Ngazi hamsini na nne.
Wanyonyi hupandisha ngoma zake kwa safari tatu.
Apondi hupanda na koo lake tu,
wala hatumsemi, ndilo linalotulipia kodi.
Kioko wa mitambo, kijana wa juzi,
ananiteremsha kwa kidole kimoja:
"Besi chini kidogo, mzee. Meneja anasema glasi zinatembea."

Glasi zinatembea!
Siku nikifa, andikeni hayo, mengine acheni.

Wimbo wa tano, fyuzi ikaenda.
Gitaa likaendelea, ngoma zikaendelea,
Apondi hata hakugeuka.
Hakuna aliyesema besi imekatika.
Ila mwanamke wa gauni la kijani akatazama viatu vyake
kama aliyekosa ngazi gizani,
mlevi wa kaunta akaishika kaunta kwa mikono miwili,
na mhudumu akasimama na trei
akijaribu kukumbuka ni meza gani.

Besi haisikiki.
Besi hukosekana.

Niliiviringishia fyuzi karatasi ya fedha
ya pakiti ya sigara
(Mbithi akijua, undugu umekwisha),
nikabonyeza, ikanguruma,
na viuno vyote vikapata pa kuegemea.
Yule wa kijani alicheka, akamtazama mpiga gitaa.
Wao ndio hutazamwa.

Elfu mbili. Toa bodaboda mbili, yangu na ya amplifaya,
toa mia ya mlinzi aliyetushikia lango,
toa chipsi za Wanyonyi ambaye hana chenji tangu nimjue,
na deni la kamba ya jeki, ile iliyofungwa plasta
kama mguu wa mchezaji.
Kinachobaki ni cha siki.

Saa kumi alfajiri nikaingia kwa ncha za vidole.
Ugali ulikuwa umefunikwa.
Nikala gizani, mkono ukiwaka,
na kwa mbali, nyuma ya sukuma,
ladha ya chuma.

"Niliisugua mara tatu," akasema Nanjala kutoka kitandani.
"Ni mtamu," nikasema.

Lori likapita huko Outering.
Pembeni, ndani ya mfuko wake,
uzi mnene ukaitika.